Kidude cha Bluu Kwenye Koti la Shemeji

Mimi si mtu wa kuongea. Wageni wakija nyumbani naleta chai, nasema "karibuni" kwa sauti ambayo hata mimi siisikii, halafu naketi kwenye kona karibu na kabati mpaka watu wanasahau kwamba niko. Ndiyo maana najua mambo mengi ya nyumba yetu kuliko wanavyodhani. Lakini Desemba ile nilijua nusu ya jambo na nikaamini nimelijua lote, na aliyekuwa anaumia ni mtoto mdogo ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, na mahindi yetu, pale nje kidogo ya mji wa Kitale, yalikuwa yameshavunwa na kumwagwa uwanjani yakauke. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Bungoma na mtoto wake wa kwanza. Yeye na mumewe wanaishi Kanduyi, nyumba ya kupanga karibu na barabara, ingawa kwao shemeji ni Kabuchai, ndani kabisa kwenye miwa. Mtoto tulimwita Kuka, yaani babu, kwa sababu alipewa jina la babu mmoja wa ukoo wa shemeji. Mama alifurahia kumsalimia kama mzee: "Kuka, umeamkaje? Ng'ombe wako wako salama?" Na Kuka anacheka, meno mawili yanaonekana.

Shida ilikuwa kifua chake. Kilipiga filimbi. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango, na ilikuja wakati anatoa pumzi. Bungoma waliambiwa ni nimonia. Wakapewa ile dawa ya maji ya rangi ya waridi, akapata nafuu, filimbi ikarudi. Wakaambiwa tena nimonia. Dada alifika kwetu na mfuko umejaa chupa tupu za hiyo dawa.

"Ni baridi tu," Mama alisema. "Mnamwogesha jioni halafu mnashangaa."

"Simwogeshi jioni, Mama."

"Basi ni kwao huko. Hakuna mtu wa kifua kwa akina mume wako?"

"Sijui, Mama." Dada alisema hivyo akiangalia ungo, si Mama. Alikuwa anapepeta maharagwe ambayo nilikuwa nimeshayapepeta mimi asubuhi. Hapo ndipo nilianza kushuku kwamba kuna kitu kinachofichwa.

Mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Kabla dada hajaolewa, wazee wa shemeji walikuja kwetu kupeleleza nyumba, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kushika birika la kunawia mikono. Wazee waliuliza kama ukoo wetu una uchawi, kifafa, wazimu, au ugonjwa wa kifua unaotembea na damu. Mama, ambaye alikuwa ameshafiwa na Baba na alikuwa anajibu akiwa na wajomba wawili tu, alisimama kabisa akasema, "Hapa hakuna kitu. Rudini nyumbani mkalale vizuri." Kwa hiyo nikafikiri: kama sisi hatuna, basi ni wao wanayo, na wao hakuna aliyewapeleleza.

Shemeji alikuwa anakuja Jumamosi kuona mtoto. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu mwenye makovu ya cheche za moto kwenye mikono. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Huo si ugomvi, ni heshima. Shemeji akiingia sebuleni, Mama anahamia jikoni, mlango unarudishwa, na maneno yao yote yanapitia kwangu, ingawa wanasikiana vizuri kabisa.

"Muulize shemeji yako kama atakula kuku ama samaki," Mama anaita, kwa sauti ya kufika Bungoma.

"Shemeji, utakula..."

"Mwambie Mama chochote tu, niko sawa."

"Anasema..."

"Nimesikia! Mwambie chochote si chakula."

Shemeji anacheka na kifua chote, halafu ananigeukia mimi. "Bibi mdogo! Sasa? Bado unaogopa watu? Usijali bana, nitakutafutia mume bubu, mtaelewana sana."

Nilimpenda, kusema kweli. Ndiyo maana niliumia nilipokuta kile kitu.

Mvua ya ghafla ilinyesha Jumamosi moja, na pale sebuleni kwetu kuna mahali panavuja, juu tu ya kiti ambacho shemeji alikuwa ametundikia koti lake. Yeye alikuwa nje na dada wakifunika mahindi kwa turubai. Nikachukua koti nilihamishe. Mfukoni kulikuwa na kitu kigumu. Sitasema kilianguka chenyewe. Niliingiza mkono nikakitoa. Kilikuwa kile kidude cha bluu cha kuvutia dawa mdomoni, inhela. Ninakijua kwa sababu msichana tunayekaa dawati moja shuleni anacho, na akibanwa darasani mwalimu anasimamisha somo mpaka amalize kuvuta.

Nikakirudisha. Nikapapasa mfuko ukae kama ulivyokuwa, kama mimi ndiye nimeiba. Nikasema kimoyomoyo: kumbe ni wewe. Unaugua pumu, umemficha dada yangu, sasa umempa mtoto, na wewe unavuta dawa yako kwa siri huku yeye ananyweshwa dawa za nimonia.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpelelezi. Jumamosi iliyofuata nilijaza jiko magunzi ya mahindi yaliyokuwa na unyevu, nikaliweka barazani karibu kabisa na shemeji, nikisema nachemsha maji ya kuogesha mtoto. Moshi ulipanda mzito, wa njano. Shemeji alifuta macho.

"We msichana, unanikausha kama samaki?"

Lakini hakukohoa hata kidogo. Aliyeinuka ni dada. Alimbeba Kuka akaenda nyuma ya nyumba haraka haraka, akisema anaenda kuanua nepi. Nepi zilikuwa zinadondosha maji. Niliona hayo yote, ila macho yangu yalikuwa kwa shemeji, nikingoja abanwe.

Siku ya kupiga mahindi pia nilimwangalia. Tunayajaza kwenye gunia, tunalipiga kwa fimbo mpaka punje zitoke, na vumbi lake linaingia hata kwenye masikio. Shemeji alivua shati, akapiga gunia huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya besi. Dada alisema mgongo unamuuma, akakaa mbali upande wa barabara. Mama, aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni kama kawaida, hakumlazimisha, na Mama ni mtu ambaye hata mwenye mguu uliofungwa plasta atampa kazi ya kuokota punje. Mimi nikasema tu moyoni kuhusu shemeji: ameshavuta dawa yake kabla ya kuja. Ni mjanja huyu.

Halafu ikafika asubuhi moja Kuka akaamka vibaya. Hakuwa na mafua wala homa. Alikuwa amelala vizuri, na alipoamka filimbi ilikuwa inasikika mpaka mlangoni. Mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta hewa, na hakutaka kunyonya. Mama aliacha kusema habari ya baridi. Dada alimpigia shemeji kwa ile simu ya Mama yenye tochi, akasema maneno mawili tu, "Njoo Kitale," na sisi tukatoka na mtoto kwenda kliniki iliyo karibu na soko.

Daktari alikuwa mtu mzima, Mwislamu wa hapo mjini, anayesema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Hakuuliza kitu kwanza. Alimwekea Kuka kinyago cha dawa ya mvuke kwenye uso, mtoto akalia, mashine ikanguruma, akarudia mara ya pili na ya tatu, na polepole zile mbavu zikatulia. Wakati huo ndio shemeji alifika, bado ana ovaroli ya kazi. Alipoona Mama yuko ndani, alirudi nyuma akasimama verandani, mgongo kwa ukuta, mahali ambapo hamuoni wala haonekani.

Daktari alimweka mtoto kwenye mapaja ya dada, akasukuma glasi yake ya chai pembeni.

"Huyu si mara yake ya kwanza?"

"Hapana," dada alisema. "Wanasema nimonia."

"Labda moja ilikuwa nimonia. Zote, nina shaka." Akamgeuza Kuka, akamwangalia mashavu, kisha akakunja na kukunjua mkono wake. Kwenye mkunjo wa kiwiko ngozi ilikuwa kavu, nyekundu, yenye mikwaruzo. "Hii inamwasha?"

"Anajikuna sana."

"Ni ukurutu. Sasa nisikilizeni. Watoto wengi wadogo kifua hulia hivi wakishikwa na mafua, maana njia zao za hewa ni nyembamba. Wakikua, wengi huacha. Wachache huendelea nayo, na hao ndio tunasema wana pumu. Kwa mtoto mdogo hivi hakuna kipimo cha kuniambia huyu ni yupi. Inabidi nikisie, ila nikisie kwa akili. Kwa hiyo nitauliza maswali, na msinidanganye. Kifua hulia hata akiwa hana mafua?"

"Leo hakuwa nayo," Mama alisema. "Lakini ni leo tu."

Dada aliangalia sakafu.

"Mzazi mmoja ana pumu? Mama? Baba?"

"Hakuna," Mama alisema.

"Namuuliza mama wa mtoto."

"Mimi ndiye nilizaa mama wa mtoto. Hakuna."

Daktari aliwaangalia wote wawili, kisha akaangalia mlango. "Na baba yake yuko wapi?"

"Yuko nje. Hawezi kuingia na mimi niko hapa."

"Najua desturi yenu, nimekaa na nyinyi miaka yote. Basi wewe mama toka kidogo, yeye aingie."

"Sitoki," Mama alisema, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu anaugua, nitoke?"

Daktari alitikisa kichwa. Halafu macho yake yakafika kwenye kona, na mimi nilitamani ukuta unimeze. "Wewe. Nenda ukamuulize baba wa mtoto kama ana pumu, au kama aliwahi kuwa nayo utotoni. Uje uniambie."

Nilitoka. Njia nzima ya hatua chache nilikuwa napanga maneno makali, na mimi maneno makali sina. Shemeji alikuwa anasugua viganja kwenye ovaroli.

"Anaendeleaje?"

"Anapumua. Daktari anauliza kama uko na pumu."

"Mimi? Sina. Sijawahi."

Nikaangalia viatu vyangu. "Na ile kitu iko kwa koti yako?"

Aliacha kusugua viganja. Aliangalia watu waliokuwa wanapita na vikapu vya nyanya, mkokoteni ukapiga kelele. Nikafikiri, sasa atanikasirikia, atasema kwa nini naingiza mkono kwenye mifuko ya watu.

"Ni ya dada yako," alisema.

"Uongo."

"Shem, sikiliza. Mwaka jana kule Kabuchai walichoma shamba la miwa kabla ya kukata. Majivu yakajaa uwanjani. Dada yako alibanwa mpaka midomo ikageuka rangi, nikambeba kwa baiskeli mpaka hospitali. Hapo ndio akaniambia alianza akiwa mtoto. Mimi ndio naibeba hiyo dawa kwa sababu hataki Mama aione kwa mkoba wake."

"Sasa mbona hamkusema? Si mlikuwa mnaona mtoto?"

"Niseme nini? Mama yenu aliapia wazee wangu hakuna kitu. Nikisema, ni mimi nimemwita mama mkwe wangu mwongo, mbele ya watu. Mtu akifanya hivyo hata salamu hatapewa kwetu." Akaangalia ukuta, kama anamwona Mama kupitia hapo. "Nilijua dada yako atasema mwenyewe leo. Hajasema?"

"Anaangalia sakafu."

Aliingiza mkono kwenye ovaroli, akanitolea kile kidude. "Peleka. Usiseme ni mimi nimesema."

Nilikishika na bado sikumwamini. Ningejuaje? Mtu akikamatwa na kitu chake, jambo rahisi ni kusema ni cha mwingine, na mwingine mwenyewe yuko ndani na hawezi kusikia. Nikaamua sitasema ni cha nani. Nitakiweka mezani niangalie nyuso.

Niliingia nikakiweka karibu na glasi ya chai.

Mama ndiye aliyeruka. "Mnaona? Mnaona! Si nilisema? Ni ya huyo mwanamume! Wazee wao walikuja kwetu kutupima sisi, kumbe wao..."

Nilimwangalia dada. Hakuwa na mshangao hata kidogo. Alikuwa anaangalia kile kidude kama mtu anavyoangalia kitambulisho chake kikiwa mkononi mwa askari.

"Mama," daktari alisema, "mimi sitafuti mwenye makosa. Awe ni baba awe ni mama, kwangu ni mamoja. Nataka tu kujua kama mzazi anayo. Nimeshapata jibu, kwa hiyo..."

"Ni yangu," dada alisema.

"Nyamaza," Mama alisema haraka.

"Ni yangu, daktari. Mume wangu ananibebea. Na mtoto, si leo tu. Akicheka sana kifua kinalia. Tukiwasha jiko kinalia. Mafua hana."

"Wewe ulipona!" Mama alikuwa amesimama. "Nilikupeleka ukakatwa kimeo. Nilikupeleka ukaombewa. Ukapona, ukakaa miaka bila kitu. Ulipona!"

Hapo ndipo nilijua kwamba Mama alijua siku zote. Alijua alipowajibu wale wazee amesimama, alijua alipomwacha dada akae mbali na vumbi la mahindi, na alijua alipokuwa anauliza kila siku kama kwa akina shemeji kuna mtu wa kifua. Alikuwa anatafuta mahali pa kuupeleka ugonjwa huo ili usikae kwake.

Daktari hakumgombeza. Alisema kukata kimeo hakuondoi pumu, na kwamba mara nyingine hujificha miaka mingi halafu ikarudi, basi mtu akaona kama aliponywa. Kisha akarudi kwa Kuka. Mama mwenye pumu, ngozi yenye ukurutu, kifua kinacholia bila mafua. "Sasa nakisia vizuri zaidi. Siwezi kuwaapia. Lakini huyu simhesabu tena na wale wa kuacha wenyewe. Nitamtibu kama mwenye pumu, na akikua tutaona kama nilikosea. Nitafurahi nikikosea."

Alichukua chupa tupu ya soda ya plastiki, akaitoboa matakoni tundu la kutosha kuingiza mdomo wa inhela, akaonyesha jinsi ya kuubana kwenye uso wa mtoto ule upande mwingine aliokuwa ameufunga kinyago, ili dawa ikae ndani ya chupa na mtoto aivute akipumua kawaida. Dada alijaribu. Mara ya kwanza kinyago kilivuja, mara ya pili kikakaa.

Mama alitoka bila kuaga. Nilimfuata. Verandani shemeji alimsikia akija, akageuka haraka akatazama ukuta, kama inavyotakiwa. Mama naye akasimama akitazama barabara. Walikuwa karibu hivi kwamba ningeweza kuwashika wote wawili.

"Mwambie shemeji yako," Mama alisema, sauti ikiwa chini, si ile ya jikoni, "mwambie niliwadanganya wazee wake."

Nikafungua mdomo.

"Mwambie Mama nimejua tangu mwaka jana," shemeji aliuambia ukuta. "Na bibi yangu sijamrudisha."

Hakuna aliyengoja nipeleke maneno. Mama alifungua mkoba akatafuta kitu ambacho hakukipata, akaufunga. Halafu akasema tumtafutie mtu huyo chakula, hajala tangu asubuhi.

Sasa niko kidato cha tatu. Kuka anatembea, na ile dawa ya waridi imeisha nyumbani kwao. Walihamia chumba ambacho jiko lake liko nje, na wakati wa kuchoma miwa hawaendi Kabuchai. Filimbi inakuja bado, mara moja moja, na wanaituliza kwa chupa ya soda kabla mbavu hazijaanza kuingia. Mama alienda kwa wale wazee mwenyewe na wajomba. Waliyozungumza sijui, nilikuwa shuleni, na nikiuliza naambiwa walipewa chai.

Daktari alisema tungoje mpaka Kuka afike umri wa shule, ndipo ijulikane kama ni pumu kweli. Mimi kungoja nimeshindwa. Akicheka sana nanyamaza nisikilize, akilala naweka sikio mgongoni mwake, na siku nisiposikia kitu ndiyo siku nashuku zaidi. Juzi nilirudi kutoka kisimani nikiwa nahema, nikakuta Mama ameacha kuosha vyombo, ameinamisha kichwa, anasikiliza kifua changu.

"Ni mlima tu, Mama," nikamwambia.

"Nimeuliza kitu?" alisema. Lakini hakurudi kwenye vyombo mpaka pumzi yangu ilipotulia.